Mark X yangu: nifunge turbo au supachaja?

Kijana mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, ameniandikia hivi: "Fundi, shikamoo. Nina Toyota Mark X ya 2014, ile ya lita 2.5. Nyumbani Tudor, kazini Nyali, na kila mwezi napanda Nairobi mara mbili kwa shughuli za biashara. Nataka gari lifike farasi 300. Fundi mmoja ameniambia nifunge supachaja, ati haina kuchelewa, ukikanyaga inaitika. Mwengine ameniambia supachaja ni mambo ya zamani, nifunge turbo. Pesa ninazo za kufanya kitu kimoja tu. Yupi mkweli?"

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wakweli, na wote wawili wamekujibu bila kukuuliza swali hata moja. Mimi ningeanza na hilo la Nairobi mara mbili kwa mwezi. Umelitaja kama jambo la kupita, kumbe nusu ya jibu imelala hapo. Tutafika.

Injini ni pampu ya hewa. Kuongeza petroli si taabu, taabu ni kupata hewa ya kuichomea. Silinda zako zina nafasi ya lita 2.5, zikishajaa zimejaa, na hewa zaidi haiingii ila kwa kushindiliwa. Turbo na supachaja zote ni za kushindilia. Zinapotofautiana ni nani anayezizungusha. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenkshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kama vile altaneta au kompresa ya AC. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini ukielekea ekzosi. Karibu thuluthi ya nishati ya petroli unayonunua hutokea kule kama joto na moshi, na turbo huokota sehemu ya hiyo iliyokuwa inakwenda bure. Supachaja haiokoti kitu, kila inachokupa imekichukua kwanza kwenye mfuko wa injini yenyewe. Kwa injini kama yako, na presha ndogo tu, mkanda ule utakula farasi 15 hadi 20 kabla hujapata faida yoyote.

Faida ya supachaja ni moja, na ni tamu. Kwa kuwa imefungwa na krenkshafti, injini ikizunguka nayo inazunguka, na hewa iko pale pale mguu unapogusa. Ukitoka Buxton kuingia daraja la Nyali, tuktuk imekukatia mbele, ukiona nafasi ukagusa tu, gari limeshakwenda. Na ule mlio wake, ule mluzi wa juu unaopanda na mizunguko, mimi naupenda kuliko mlio wowote wa gari. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani naichukia supachaja.

Turbo, kwa upande wake, lazima ingoje moshi. Kishafti chake, chembamba kama penseli, hufika mizunguko 150,000 kwa dakika na zaidi, na kutoka kwenye usingizi hadi huko kunahitaji muda. Huko ndiko kuchelewa anakokuonya fundi wako wa kwanza. Lakini nadhani yeye bado anazungumzia turbo alizozijua ujanani.

Mfano wake unaupita kila siku barabarani. Mercedes C200 zilizojaa hapa mjini, zile zenye neno Kompressor nyuma, ni za supachaja. Ya umbo la W204 ilikuwa na injini ya lita 1.8, farasi 184, na mkokoto, yaani nguvu ya kuvuta (torque), wa Nm 250 unaopatikana kuanzia mizunguko 2,800. Baadaye Mercedes wenyewe wakachukua injini ile ile ya lita 1.8, wakaing'oa supachaja, wakaweka turbo, wakaiita CGI. Farasi zikabaki 184, lakini mkokoto ukapanda hadi Nm 270, na ukaanza kwenye mizunguko 1,800. Umeona? Yenye turbo ndiyo iliyowahi. Si kwa uchawi: turbo ilikuwa ndogo, imepimwa kwa injini ile, na petroli ilikuwa ikimiminwa moja kwa moja ndani ya silinda. Mini Cooper S nayo ilitoka kwenye supachaja ikaingia turbo ilipobadilishwa umbo mwishoni mwa 2006. Kuchelewa kunakoudhi siku hizi ni kwa kujitakia, kijana akifunga turbo kubwa ya lori kwenye injini ndogo kwa sababu ameona picha ya mtu aliyepata farasi 600. Hiyo kweli itaamka mizunguko 4,500, na wewe utakuwa umeshafika Kongowea.

Ukoo wa gari lako pia umeshapita njia hii. Mark II ya 1988 iliuzwa na injini ya 1G ya lita 2 kwa namna zote mbili. Yenye supachaja, 1G-GZE, ilikuwa na farasi 170. Yenye turbo mbili, 1G-GTE, ilikuwa na 210. Mwaka 1990 ikaja 1JZ-GTE, lita 2.5, turbo mbili, farasi 280, na katika ukoo huo supachaja ikaachwa njiani. Ilipozaliwa Mark X mwaka 2004, turbo nayo ikaachwa, wakaweka V6 tupu, isiyoshindiliwa. Kuna Mark X moja ya supachaja iliyouzwa Japani kupitia Modellista, kampuni ya kurembesha magari ya Toyota, farasi 360, na huenda fundi wako ameiona kwenye intaneti. Lakini hiyo ni ya 3.5, ambayo bila kitu chochote ina farasi 318. Usiichanganye na yako.

Sasa Nairobi.

Sisi hapa tuko usawa wa bahari. Nairobi iko juu, kama mita 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi, presha yake ni kama baa 0.83 wakati yetu ni baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Gari lako la sasa, lisilo na turbo wala supachaja, linapopita Voi, Mtito Andei, Emali, linapoteza nguvu polepole, na likifika Nairobi limepoteza kama asilimia 17. Wewe hulioni kwa sababu linapungua kidogo kidogo njia nzima. Ukirudi chini, ukishapita Mariakani, ndipo unasema "leo gari nyepesi".

Supachaja huzidisha. Ukiipanga hapa Mombasa izidishe hewa mara 1.4, itakupa baa 1.4. Ukiipandisha Nairobi itazidisha mara 1.4 vile vile, ila inazidisha 0.83, kwa hiyo unapata kama 1.16. Haina la kufanya, mkanda na puli zake ni zile zile. Turbo inayosimamiwa na kompyuta ya injini ni tofauti. Kompyuta inajua inataka baa 1.4 ndani ya silinda. Ikiona hewa ya nje imekuwa nyepesi, inafunga kile kilango cha kupitishia moshi pembeni, westigeti, ili moshi mwingi zaidi upite kwenye turbo, turbo izunguke kasi zaidi, na zile baa 1.4 zipatikane. Nairobi utakuwa na karibu nguvu zile zile za Mombasa.

Nimesema inayosimamiwa na kompyuta, na neno hilo usilirukie. Westigeti ya springi tupu hupima presha kulinganisha na hewa ya nje. Ukiipanga kwa baa 0.4 juu ya hewa ya nje hapa, Nairobi itakupa 0.83 na 0.4, yaani 1.23. Ni bora kuliko supachaja, lakini pengo si kubwa kiasi cha kulipia kila kitu. Fundi akikwambia kompyuta si lazima, springi yatosha, mshukuru uondoke.

Jambo hili ni la zamani kuliko sisi sote. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha wazo la turbo mwaka 1905, lakini aliyeonyesha faida yake milimani ni Sanford Moss wa General Electric. Mwaka 1918 alipandisha injini ya ndege ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak kule Marekani, mita 4,300. Injini ile usawa wa bahari ilitoa farasi 350. Kule juu, bila turbo, ikabaki 230. Akaiwasha turbo, ikatoa 356. Nasi hapa Kenya tuliliona kwa macho: Toyota Celica ya turbo ilishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya mwenzetu Ian Duncan akashinda na Celica ya turbo. Barabara nyingi za mashindano yale ziko juu kule, si huku kwetu kwenye minazi.

Kwa hivyo kama ungekuwa mtu wa kuzunguka Bamburi, Nyali na mjini tu, mzani ungekaa karibu sawa, na supachaja ingekuwa na la kusema. Wewe si mtu huyo.

Mimi pia nina neno la kukuambia kuhusu joto, maana joto hili mafundi wa Nairobi hawalijui kama sisi. Hewa ukiishindilia inapata moto. Pampu ya baiskeli ukiipiga kwa nguvu halafu ukashika ncha yake utajua. Chukua siku ya kawaida ya Februari hapa, hewa nyuzi 32. Ukiishindilia kwa baa 0.7 na turbo nzuri, inatoka kama nyuzi 99. Ukiishindilia kwa kiasi hicho hicho na supachaja ya aina ya Roots, ile ya mabawa mawili yanayopishana, inatoka zaidi ya nyuzi 120, kwa kuwa pampu ile haikubuniwa kwa kazi hii. Ndugu wawili wa Indiana, Marekani, waliivumbua mwaka 1860, ikapata kazi ya kupulizia hewa tanuri za chuma. Inasukuma vizuri, haishindilii kwa ustadi. Zipo supachaja za parafujo mbili zilizo bora zaidi, na bei yake ni bora zaidi pia. Hewa ya moto ina mambo mawili mabaya: imepanuka, kwa hiyo oksijeni ni chache, na inafanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga. Kugonga ndiko kunakotoboa pistoni. Ndipo inapoingia rejeta ya hewa, ile tunayoiita intakula.

Mwaka jana nilikuwa na Forester ya turbo ya mteja, ile ambayo intakula yake imelala juu ya injini chini ya tundu la boneti. Nikafunga kipimajoto kwenye mpira unaotoka intakula kwenda kwenye injini, nikaenda zangu Likoni. Barabarani, tunakwenda, ilisoma nyuzi 44. Foleni ya feri ikanishika, jua la saa saba, injini inanguruma, AC imewaka. Dakika kumi, 58. Dakika ishirini na tano, 71. Intakula ile ilikuwa imegeuka jiko, inaipasha hewa badala ya kuipoza, kwa sababu turbo iko chini yake na hakuna upepo. Tulipoteremka upande wa Likoni na kushika barabara ya Ukunda, ilichukua dakika mbili na nusu kurudi chini ya 50. Katika dakika hizo mbili na nusu, kijana akikanyaga mpaka mwisho ili amwonyeshe mtu, kompyuta itamrudisha nyuma cheche za plagi ili injini isigonge, na gari litakuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani. Asipokuwa na kompyuta ya maana, itakuwa ni pistoni.

Wewe foleni yako ni ya daraja, si ya feri, lakini joto ni moja. Intakula yako ikae mbele, nyuma ya bampa, ipate upepo, na iwe na feni. Na kila miezi mitatu uioshe kwa maji matamu. Hewa yetu ina chumvi, na zile pezi nyembamba za alumini zinaliwa. Nimefungua intakula iliyokaa miaka minne kwa mtu anayeegesha gari karibu na ufuo pale Nyali, pezi zilikuwa zinapukutika kwa kidole kama biskuti kavu.

Sababu nyingine hata vitabu haviiandiki: mji wetu ni mji wa malori. Kila lori linalotoka bandarini kupanda bara lina turbo. Matatu za dizeli zina turbo. Kuanzia Shimanzi mpaka Changamwe mpaka Jomvu, utapata mafundi ambao tangu utotoni kazi yao ni kufungua turbo, kubadilisha beringi na sili, kuisawazisha shafti, kuirudisha. Turbo yako ikifa Jumatatu, Jumatano inaweza kuwa imepona. Supachaja ikifa nani ataifungua? Mwaka mmoja nililetewa C200 Kompressor inayogonga mbele kama kokoto ndani ya kibuyu. Kilikuwa kitu kidogo tu, kiungo cha plastiki ndani ya pua ya supachaja, kinachopokea mzunguko kutoka kwenye puli. Kinachakaa, kinakatikakatika. Kitu cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Mteja alikuwa ameshazunguka gereji tatu, moja imembadilishia tensheni ya mkanda, ya pili imembadilishia altaneta, ya tatu ikataka kumuuzia injini nzima. Kile kiungo tulikiagiza nje tukangoja wiki tano.

Na hilo litazidi kuwa gumu. Kwa sheria yetu ya magari yasiyozidi miaka 8, magari yanayoshuka bandarini sasa karibu yote yenye nguvu ni ya turbo. Yenye supachaja yanazeeka humu humu nchini, na spea zake zinapungua nayo.

Sasa nikupe upande ambao hakuna fundi kati ya wale wawili aliokueleza: injini yako yenyewe. Mark X yako ina 4GR-FSE. Farasi 203, mkokoto Nm 243. Mgandamizo wake, yaani mara ngapi pistoni inaibana hewa ndani ya silinda, ni 12 kwa 1. Huo ni mgandamizo mkubwa sana kwa injini unayotaka kuishindilia; 1JZ-GTE ya zamani ilikuwa 8.5 kwa 1, kwa sababu ilizaliwa ikijua itashindiliwa. Yako imeshajibana yenyewe hadi karibu na mwisho wa uvumilivu wa petroli. Kila baa utakayoongeza inaisogeza kwenye kugonga. Mimi nisingepita baa 0.4 kwenye injini hiyo ikiwa pistoni ni zake za kiwandani, na kwenye joto letu hata hiyo 0.4 ningeitaka na intakula nzuri na petroli ya daraja la juu, si ile ya kawaida unayotia sasa. Ukifanya hesabu, hewa inaongezeka asilimia 40 kwenye karatasi. Toa hasara ya joto na ya cheche iliyorudishwa nyuma, utapata farasi 250, labda 260. Farasi 300 kwa usalama kwenye injini hii, bila kuifungua na kubadilisha pistoni, haipo. Atakayekuahidi 300 ya "kufunga tu Jumamosi ukaondoka nayo" atakuwa amekuuzia Jumamosi moja.

Halafu petroli yake humwagwa ndani ya silinda moja kwa moja, kwa pampu ya presha kubwa. Pampu ile na nozeli zake zilipimwa kwa farasi 203. Ukiongeza hewa lazima petroli ifuate, na hapo ndipo wengi hukwama: wanaongeza nozeli za pembeni zisizoelewana na kompyuta, gari linakwenda vizuri wiki mbili, halafu linakosa petroli kwenye mizunguko ya juu, mahali hasa linapoihitaji. Hii si kazi ya kubahatisha. Inatakiwa kompyuta inayopangika, kipima hewa na petroli cha kweli kwenye ekzosi, na mtu aliyekaa nayo kwenye mashine ya kupimia nguvu.

Na jambo la mwisho kuhusu injini hiyo, ambalo wenye Lexus IS250 wanalijua fika kwa sababu ni injini ile ile: kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, hakuna kinachozisafisha. Mvuke wa oili unazipaka, unakauka, unajenga masizi meusi magumu kama nazi iliyoungua chunguni. Gari la 2014 ambalo limekwenda Nairobi mara mbili kila mwezi, vali zake nina hakika si nyeupe. Ukiweka turbo juu ya vali zilizobanwa na masizi, unasukuma hewa kwenye mlango ulio nusu wazi, na mvuke wa oili utazidi kwa sababu presha ndani ya krenki inazidi.

Basi jibu langu. Kati ya zile mbili, kwako wewe, ni turbo. Ndogo, inayoamka mapema, westigeti ya kompyuta, baa 0.4 usizidishe, intakula mbele yenye feni, na chupa ya kunasa mvuke wa oili kabla haujafika kwenye vali. Ukipata 250 kwa namna hiyo, gari litakuwa jingine, kwa sababu mkokoto utaupata chini, pale unapoendesha kila siku, si mizunguko 6,000. Na giaboksi yako ya otomatiki itastahimili, mradi ubadilishe oili yake na uiwekee kipozaji. Breki na matairi usinifanye nikuambie.

Lakini nikikaa nawe barazani tukinywa kahawa, nisingekuambia ufunge chochote kwanza. Ningekuambia piga hesabu ya vitu vyote nilivyovitaja, kwa bei halisi, pamoja na wiki ambazo gari litakuwa gereji, halafu ulinganishe na kuuza Mark X na kuongeza pesa hizo hizo ununue gari lililozaliwa na turbo: Forester, Golf GTI, hata hiyo 3.5 ya ukoo wako ambayo haina turbo wala supachaja na ina farasi 318 toka kiwandani, ambazo ndizo ulizokuwa unazitaka. Rahisi huvunja upishi, ndiyo, lakini ghali nayo ikiwa ya vipande vipande inaweza kuuvunja.

Ukiamua kufunga, turbo utakayoletewa pengine itakuwa ya mtumba kutoka Japani, na muuzaji atakuambia "ngeni hii, imekuja juzi". Usisikilize, ishike. Weka kidole kwenye nati ya katikati ya bawa la upande wa hewa. Sukuma juu na chini: mchezo mdogo sana ni sawa, kwa sababu shafti huelea juu ya utando wa oili na turbo ikiwa kavu utausikia. Kisha vuta na sukuma kwa ndani na nje, kuelekea kwako na kurudi. Hapo usisikie kitu. Ikicheza kwa ndani na nje, beringi ya kuzuia imekwisha, irudishe. Zungusha bawa polepole ukisikiliza kama ncha zinagusa ukuta. Angalia ncha za mabawa kwa tochi: zikiwa zimemeguka au zimejikunja, imemeza kitu. Mwisho pitisha kidole ndani ya upande wa moshi. Masizi makavu ya kijivu ni mazuri. Ukitoka na oili nyeusi inayonata, sili imekufa, na itaendelea kutapika oili kwenye gari lako.

Na ikishafungwa: oili ya sintetiki, ibadilishwe kila kilomita 5,000, hakuna mjadala. Moshi unaoigonga turbo hufika nyuzi 900, na kinachozilinda shafti na beringi zake ni oili hiyo. Unaporudi kutoka Nairobi ukasimama Mtito Andei kula, kilomita mbili za mwisho endesha polepole, halafu zima. Ukizima moto moto, oili iliyobaki ndani ya beringi inaungua ikawa makaa, na safari inayofuata makaa hayo yanakuwa msasa. Kampuni ya bima pia iambie, kwa maandishi, kabla na si baada.

Kabla ya yote hayo, njoo na gari lenyewe. Njoo asubuhi kabla injini haijashika moto, uje na rekodi ya oili uliyobadilisha mwaka huu ikiwa unayo. Nitatoa bomba linalogawia silinda hewa tuzione vali zako kwa kamera, kisha nipime mgandamizo wa silinda zote 6. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, mazungumzo ya turbo tunayaahirisha papo hapo. Na usiioshe injini kabla ya kuja. Nataka kuona oili inavujia wapi.